Oili au injini nyingine? Hesabu inayowatatiza wenye magari makuukuu Migori na Homa Bay

MOSHI wa samawati unaofuka nyuma ya magari madogo ya abiria kati ya Migori, Rongo na Homa Bay umezoeleka kiasi kwamba wasafiri wengi hawautilii maanani. Kwa mwenye gari, hata hivyo, moshi huo ni pesa zinazoteketea. Ni oili iliyopaswa kulainisha injini, lakini ikapenya ndani ya silinda na kuungua pamoja na petroli.

Swali linalowakabili wamiliki wengi ni iwapo ni nafuu kuendelea kuongeza oili kila baada ya siku chache, au kuifungua injini na kuitengeneza. Kiufundi, jibu lake si gumu. Linalokwamisha utekelezaji ni namna gharama zinavyogawanywa kati ya dereva na mwenye gari.

Tatizo lenyewe lina mizizi katika umri wa magari. Kiwango cha KS 1515 hakiruhusu kuingizwa nchini gari la mtumba ambalo umri wake umezidi miaka minane. Kiwango hicho hudhibiti umri wa gari linapoingia. Hakisemi litaondoka barabarani lini. Gari linaloteremshwa bandarini Mombasa likiwa na miaka saba huweza kufanya kazi kwa zaidi ya mwongo mmoja baadaye, mara nyingi likibeba mizigo na abiria kupita kiasi lilichoundiwa.

Mfano ulio wazi ni Toyota Probox, iliyoanza kuundwa Japani mwaka 2002 kama gari la kazi za ofisi na mizigo midogo. Kusini mwa Nyanza gari hilo limegeuka kuwa teksi ya pamoja, kipakizi cha samaki na gari la kupeleka mazao sokoni. Injini yake maarufu ya lita 1.5, aina ya 1NZ-FE, hubeba takriban lita 3.7 tu za oili. Lita moja ikipotea bila kugunduliwa, zaidi ya robo ya kinga ya injini huwa imetoweka.

Kupanda kwa gharama za uchukuzi kuliwafanya wengi waahirishe matengenezo. Sheria ya Fedha ya 2023 iliongeza ushuru wa VAT kwa mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16, na kufikia Oktoba mwaka huo lita ya petroli jijini Nairobi ilikuwa Sh217.36. Ingawa bei ilishuka mwaka 2024, injini zilizoachwa bila kutengenezwa katika kipindi hicho hazikujitengeneza zenyewe.

Kabla ya kutumia pesa, ni muhimu kujua oili inapotelea wapi. Si kila injini inayopungukiwa na oili huwa inaiunguza, nyingine huvuja. Kipande cha katoni kikiwekwa chini ya injini usiku kucha huonyesha matone asubuhi. Kutengeneza gasketi inayovuja ni kazi ndogo ikilinganishwa na kufungua injini nzima.

Ikiwa hakuna uvujaji, moshi wenyewe hutoa ushahidi. Moshi wa samawati unaotoka injini inapowashwa asubuhi kisha ukakatika, mara nyingi huashiria kwamba sili za vali zimekauka na kupoteza unyumbufu. Moshi unaozidi gari linapopanda mlima au kuongeza kasi, na kuendelea safari nzima, huelekeza lawama kwenye ringi za pistoni au silinda zilizolika.

Fundi aliye na kipimo cha shinikizo la silinda anaweza kuthibitisha. Hupima kwanza silinda ikiwa kavu, kisha hutia oili kidogo kupitia tundu la plagi na kupima tena. Shinikizo likipanda, ringi ndizo zilizochoka. Lisipopanda, kasoro huenda iko kwenye vali au gasketi ya kichwa cha injini. Kipimo hicho hugharimu kidogo sana kuliko kubadilisha injini kwa kukisia.

Kuna pia vali ndogo ya kupitisha hewa ya ndani ya injini, ambayo mafundi huiita PCV. Ikiziba kwa masizi, shinikizo hujaa ndani na kuisukuma oili mahali isipotakiwa. Ni spea ya bei ndogo, na mwenye gari aliyeshauriwa kununua injini nyingine angefanya vyema kuikagua hiyo kwanza.

Kuhusu oili yenyewe, desturi ya madereva kutumia oili nzito, kama vile 20W-50, ina mantiki yake. Oili nzito hupenya polepole zaidi kwenye nafasi zilizolika, na joto la ukanda wa ziwa haliletei injini taabu ya baridi kali wakati wa kuwashwa. Hata hivyo, injini za kisasa zinazotumia shinikizo la oili kurekebisha majira ya vali zina mifereji myembamba, na uzito ukizidi, oili huchelewa kufika. Kwa hivyo oili nzito hupunguza dalili tu. Haiponyi ringi zilizolika.

Hatari zaidi ni kuongeza oili chafu iliyomwagwa kutoka gari jingine kwa sababu tu ni ya bure au ya bei ya kutupa. Oili hiyo hubeba masizi na chembechembe za chuma, ambazo husaga beringi na kuta za silinda. Anayeitumia huokoa mamia ya shilingi leo huku akiharakisha siku ya kulipa maelfu.

Je, kuongeza oili kunaacha lini kuwa nafuu? Baadhi ya watengenezaji wa magari huhesabu takriban lita moja kwa kila kilomita 1,000 kuwa kikomo cha kuvumilika. Tuchukue mfano wa gari linalokwenda kilomita 5,000 kwa mwezi, lita moja ya oili ikiuzwa Sh700. Likitumia lita moja kwa kilomita 1,000, mwenyewe atalipa Sh3,500 kwa mwezi. Ni gharama inayoweza kubebwa huku fedha za matengenezo zikiwekwa akiba.

Lakini likitumia lita moja kwa kila kilomita 300, litahitaji karibu lita 17 kwa mwezi, yaani Sh11,900. Tofauti ya Sh8,400 kwa mwezi huzidi Sh100,000 kwa mwaka. Juu ya hiyo kuna plagi zinazochafuka, petroli inayopotea na kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi kinachoharibiwa na majivu ya oili. Katika hatua hiyo, kuongeza oili si kubana matumizi tena.

Hapa ndipo mgawanyo wa gharama unapoleta matatizo. Katika mpango ulioenea kwenye sekta ya matatu, dereva humkabidhi mwenye gari kiasi maalumu kila jioni, kinachojulikana kama hesabu, kisha hujilipa kwa kinachobaki. Pale ambapo oili ya kuongeza hutoka katika fungu la dereva, ilhali matengenezo makubwa ni ya mwenye gari, kila mmoja huwa na sababu ya kunyamaza.

Dereva anajua kwamba injini ikifunguliwa, gari litalala gereji kwa siku kadhaa naye atakosa riziki. Hivyo huongeza oili kidogo kidogo, na siku ambayo abiria ni wachache huenda asiongeze kabisa. Mwenye gari naye huona hesabu ikifika kila jioni na kudhani gari ni zima. Mficha ugonjwa, wahenga walisema, kifo humuumbua. Taa ya oili ikiwaka kwenye dashibodi haimaanishi kwamba oili imeanza kupungua. Humaanisha kwamba shinikizo limekwisha kuanguka, na mara nyingi beringi huwa zimeanza kugonga.

Injini ikikwama ghafla kati ya Rodi Kopany na Rongo, abiria na watumiaji wengine wa barabara nao huingia hatarini. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka kila gari liwe katika hali isiyohatarisha watu, lakini ukaguzi wa mara moja kwa mwaka hauwezi kugundua oili inayopungua kati ya Jumatatu na Jumatano.

Mazingira pia hulipa. Oili chafu inayomwagwa kando ya gereji za jua kali hubebwa na mvua. Maji ya Mto Migori huungana na ya Mto Kuja na kuishia Ziwa Victoria, nao mji wa Homa Bay uko ufuoni mwa ziwa hilo hilo ambalo wakazi hutegemea kwa samaki na maji.

Suluhu la bei nafuu zaidi halihitaji spea yoyote. Ni daftari ndani ya gari, ambamo huandikwa kilomita na kiasi cha oili kilichoongezwa, baada ya kijiti cha kupimia kukaguliwa kila asubuhi gari likiwa mahali tambarare na injini ikiwa imepoa. Mwenye gari akinunua oili mwenyewe, dereva hana tena sababu ya kuificha injini inayoila.

Kanuni za 2014 zinataka magari ya abiria yawe chini ya kampuni au sacco. Vyama hivyo vinaweza kununua oili halisi kwa jumla, kukusanya iliyotumika, na kuweka akiba ya kumsaidia dereva ambaye gari lake liko gereji. Magari yanayobeba abiria bila leseni hubaki nje ya mpango huo. Kwa wenyewe, mkataba wa maandishi kuhusu nani analipia oili na nani analipia siku za matengenezo unafaa uandikwe kabla ya injini kufunguliwa.