JINO LIKIVUNJIKA, AMUE DAKTARI

Bwana Mhariri,

Nipe nafasi kidogo niseme na ndugu zangu wafanya kazi wa Reli. Leo sisemi habari ya mishahara wala ya nyumba. Nasema habari ya meno, na tafadhali msicheke.

Mwaka 2025, saa ya chakula, nilitafuna kijiwe katika githeri. Gego langu la chini likavunjika nusu. Daktari wa meno alipiga picha akaniambia, "Mzizi ni mzima, jino hili laweza kupona. Lakini nikiliziba tu litavunjika tena, maana palipobomoka ni pakubwa. Lataka kuvikwa kofia." Wengine huita taji.

Nikaenda kuuliza kama bima yetu ya kazini italipa. Karani akatazama karatasi zake akasema, "Kung'oa tunalipa. Kofia hatulipi, huo ni urembo."

Urembo! Gego la nyuma nani analiona? Mimi sikutaka uzuri, nilitaka kutafuna.

Kazi yenyewe ni hivi. Daktari hukudunga sindano ya ganzi, hulichonga jino pande zote, kisha huchukua chapa yake. Fundi hutengeneza kofia ya madini au ya kaure kwa kipimo hicho, nayo hugandishwa juu ya jino. Ikitunzwa vema yaweza kukaa miaka 10 au 15, hata zaidi.

Sisi watu wa karakana tunalijua jambo hili. Wakati wa magari ya moshi, gurudumu la injini lilivikwa tairi la chuma. Tairi lilitiwa moto likapanuka, likavikwa, na lilipopoa likabana. Likilika, wazee wetu walivika jingine. Hawakutupa gurudumu zima. Je, chuma kilipewa heshima kuliko kinywa cha mtu?

Tena jino likisha kung'olewa, mambo hayaishi hapo. Meno ya jirani huweza kuinama kuelekea pengo, na la juu hushuka kwa kukosa mwenzake. Anayelipia kung'oa leo atalipia matata mengine kesho.

Watasema kofia ni ghali. Ni kweli. Mimi nililipa karibu nusu ya mshahara wa mwezi, kwa mkopo wa chama cha akiba. Lakini mwenzangu mwenye watoto sita atafanya nini? Atang'oa, si kwa sababu jino limekufa, ila kwa sababu mfuko ni mtupu.

Wala sisemi kila jino livikwe kofia. Tundu dogo huzibwa, na jino lililopasuka mpaka mzizini mara nyingi halina dawa ila kung'olewa. Ninalosema ni moja: neno hilo aliamue daktari aliyetazama kinywa, si karatasi ya karani.

Basi viongozi wetu, mkikaa mezani kwa makubaliano yajayo, liwekeni jambo hili pamoja na mengine. Nanyi ndugu, jino likipasuka msikawie mpaka liharibike kabisa. Na mwenye kofia asiache kupiga mswaki, kwa maana jino laweza kuoza chini yake, pale kwenye ufizi.

Umoja ni nguvu.

Ni mimi ndugu yenu,
Mfanya kazi wa karakana, Nairobi.