Mshauri Asiyeitwa

Sina ugomvi na mafundi wa tovuti kwa ajili ya kazi yao. Najua jinsi kazi ile inavyochosha macho na mgongo, maana nimeifanya. Ugomvi wangu ni na tabia moja iliyoenea miongoni mwetu: kumwandikia mtu tusiyemjua, asiyetuuliza neno, na kumweleza kwamba tovuti yake ni mbaya. Wenye tabia hii huiita msaada. Mimi naiita ufidhuli.

Tumtazame kwanza huyo anayeandikiwa. Aghalabu si mtu wa kompyuta. Ni mama mwenye nyumba ya wageni ya vyumba sita, au mwalimu mstaafu anayekusanya historia ya kijiji chake, au katibu wa kwaya, au mfuga nyuki anayeuza asali. Tovuti yake ilitengenezwa na mpwa wake aliyekuwa likizoni, au aliijenga mwenyewe usiku kwa kubahatisha. Rangi zinagombana, herufi ni za aina tano, na juu kabisa kuna bendera inayopepea bila kupumzika. Lakini ndani mna kitu kisichopatikana kwingine: bei ya chumba, saa ambazo gari la mjini hupita, jina la mzee anayejua habari za zamani. Mtu huyu amefanya jambo gumu. Ameishinda hofu ya mashine akaweka neno lake mbele ya dunia.

Kisha inamfikia barua. Nimeziona barua za namna hiyo nyingi, kwa kuwa wanaozipokea huniletea niwafafanulie. Moja ilikuwa na makosa 31 yaliyopangwa kwa namba. La kwanza lilisema herufi zimepitwa na wakati. La pili lilisema picha ya mwenye nyumba haifai kukaa juu ya ukurasa. Yaliyofuata yalijaa maneno ya kifundi ambayo hata mimi ilinibidi niyasome mara mbili. Aliyeipokea, mama mtu mzima wa mwambao wa Tanga, aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, hii ni kesi?"

Sikuona cha kucheka. Nilimweleza kuwa si kesi, lakini barua ilikuwa imekwisha kufanya kazi yake. Baada ya siku chache alimwambia mpwa wake aifunge tovuti, akisema hataki aibu. Tangu hapo wageni humfikia kupitia kwa mawakala wa mtandaoni, ambao hukata kamisheni yao kwa kila chumba. Makosa 31 ya yule fundi yalikuwa ya kweli karibu yote. Hakuna hata moja lililomletea yule mama mgeni, na yote kwa pamoja yalimfungia mlango wake mwenyewe.

Tusidhani kwamba hiyo ni hasara ya mtu mmoja. Kila mtu wa kawaida anayeona haya akafunga tovuti yake, huhamia katika kurasa za makampuni makubwa, na huko yeye ni mpangaji. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika kwa muda wa saa kama sita. Wafanyabiashara wadogo ambao duka lao lote lilikuwa humo walikaa wakitazama simu zao, wasiwe na la kufanya. Mwenye tovuti yake, hata ikiwa na bendera inayopepea, siku ile alikuwa wazi.

Wapo watakaosema kwamba ukweli ni ukweli hata ukiuma. Nawauliza: ukweli wa mwaka gani? Mwaka 1996 Jakob Nielsen, mtaalamu mzaliwa wa Denmark aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alitoa orodha ya makosa makubwa kumi ya utengenezaji wa tovuti. Mojawapo lilikuwa kurasa ndefu zinazomlazimisha msomaji kuteremka. Haikupita miaka mingi akalilegeza mwenyewe, kwa kuwa watu walikuwa wamezoea. Leo kila mwenye simu anateremsha kidole tangu alfajiri hadi usiku. Baadaye mafundi waliwahimiza watu waweke michoro inayocheza kwa kutumia programu ya Flash. Watu wakalipa, wakalifuata shauri hilo. Mwisho wa mwaka 2020 Adobe iliacha kuihudumia Flash, vivinjari vikaiondoa, na kurasa zilizojengwa juu yake zikabaki matundu matupu. Ni mshauri gani aliyerudi kuomba radhi? Sehemu kubwa ya kinachoitwa utaalamu wa sura ni mtindo tu, kama suruali za bugaluu. Anayemcheka mwenzake leo kwa suruali yake, kesho atachekwa kwa yake.

Lakini katika orodha ile ile ya 1996 yamo makosa mawili ambayo hayajazeeka hata kidogo: habari zilizopitwa na wakati, na kurasa zinazochelewa kufunguka. Kwa nini hayo yamedumu? Kwa sababu hayahusu macho ya fundi. Yanamhusu mgeni. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Hapo ndipo ninapouona mpaka kati ya lipasalo kusemwa na lipasalo kunyamaziwa.

Namba ya simu ikikosewa tarakimu moja, mwenye tovuti aambiwe, hata kama hakuuliza. Fomu ya maombi ikiwa inapokea ujumbe na haumfikii mtu, aambiwe. Wahalifu wakiingia na kupachika matangazo ya kamari, aambiwe leo hii. Orodha ya bei ikiwa ni picha nzito, inamlia bando mtu wa kijijini kabla hajaiona bei yenyewe. Na asiyeona, ambaye kompyuta humsomea kwa sauti, haambulii kitu. Kanuni za kwanza za W3C za kuwafungulia mtandao watu wenye ulemavu zilitolewa mwaka 1999, na sharti lake la kwanza ni hilo la kuweka maneno badala ya picha kwa asiyeweza kuitazama. Katika mambo haya kunyamaza ni sawa na kumwona mtu anaelekea shimoni ukampungia mkono.

Hata hivyo, kuna namna ya kusema. Anza kwa salamu, kama ungebisha hodi mlangoni kwake. Sema jambo moja, kwa lugha anayoizungumza yeye. "Shikamoo mama. Nimejaribu kupiga simu iliyoandikwa kwenye tovuti yako, naona imepungua namba moja. Nadhani wageni wanakukosa. Mpwa wako ataweza kuirekebisha kwa dakika tano." Basi. Barua hiyo haina neno la kifundi hata moja, wala haimalizii kwa bei.

Nataja bei kwa makusudi, maana barua nyingi za "msaada" huishia hapo. Kwanza mtu anatishwa kwamba tovuti yake ni mbovu na kwamba Google haitamwonyesha kwa yeyote. Kisha mwandishi anajitaja kuwa ndiye daktari. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wengine hawauzi kitu. Wanataka tu kuonekana wanajua. Hao ni nafuu kwa mfuko wa mwenye tovuti, si kwa moyo wake.

Ndugu zangu mafundi, kabla ya kuandika tujiulize swali moja: kosa hili linamzuia nani? Tukimpata mgeni anayezuiwa, tuandike kwa adabu. Tukikuta kwamba linauzuia usingizi wetu tu, tufunge ukurasa tukalale. Na yule tuliyemwandikia akipokea neno letu asibadilishe kitu, tusimwandikie mara ya pili. Bendera ni yake, na ana haki ya kuiacha ipepee.