Faili za Kaunti Ziombwe kwa Maandishi



Palikuwa na wakati katika nchi hii ambapo mwananchi aliyeuliza hesabu za halmashauri yake alihesabiwa kuwa mchochezi. Sheria ya Siri za Serikali ya mwaka 1968 ilining'inia juu ya kichwa cha kila karani aliyetamani kusema kweli, na faili ya umma ikawa kama mali ya urithi ya yule aliyeikalia. Sisi wa Njoro tuna sababu ya pekee ya kuukumbuka wakati huo. Tume ya Jaji Akiwumi, iliyoundwa mwaka 1998 kuchunguza mapigano ya kikabila, ilipokea ushahidi juu ya damu iliyomwagika katika vijiji vyetu mwezi Januari wa mwaka huo huo. Ripoti yake ilikabidhiwa Rais mwaka 1999, lakini haikutolewa kwa umma hadi Oktoba 2002. Kwa miaka mitatu watu waliozika jamaa zao hawakuweza kusoma yaliyoandikwa juu ya vifo hivyo.

Kisheria, wakati huo umekwisha. Kifungu cha 35 cha Katiba ya mwaka 2010 chasema kwamba kila raia ana haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 yaitaja haki hiyo hiyo kwa kaunti, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 yaeleza jinsi ya kuomba, muda wa kujibiwa na mahali pa kulalamikia. Vita vya kuipata haki hii vilipiganwa na kushindwa. Kinachotusikitisha ni kwamba haki iliyogharimu kiasi hicho yalala bila kutumiwa, kwa kuwa wananchi wengi bado huuliza kwa mdomo.

Huuliza barazani, huuliza baada ya ibada, humvizia mwakilishi wadi kwenye mazishi. Nao hujibiwa kwa mdomo: pesa hazijafika kutoka Nairobi, mwanakandarasi ni mgonjwa, mambo yako mezani kwa mkubwa. Jibu la namna hiyo halina tarehe wala sahihi. Wiki ya pili aliyelitoa aweza kulikana, na aliyepewa hana la kuonyesha. Tena kuna lile jibu tunalolijua sote, "rudi kesho." Kwa mtu wa Mau Narok au Nessuit, kurudi kesho Nakuru ni nauli ya kwenda na kurudi pamoja na kibarua cha siku nzima. Akirudishwa mara tatu huacha. Ofisi haikumkatalia kamwe, na hata hivyo amenyimwa.

Barua hubadili mambo hayo. Sheria ya mwaka 2016 yasema ombi laweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika, au mwenye ulemavu unaomzuia, ana haki ya kusaidiwa na afisa mwenyewe, hata maneno yake yaandikwe kama alivyoyatamka. Kuwasilisha ombi hakulipiwi. Kinachoweza kutozwa ni gharama halisi ya kutoa nakala. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na yaweza kujiongezea siku zisizozidi 14, mara moja tu. Iwapo habari ziko katika ofisi nyingine, ombi lahamishiwa huko ndani ya siku 5 badala ya mwombaji kutumwa huku na huko. Na kama ombi lahusu uhai au uhuru wa mtu, muda ni saa 48.

Jambo moja twataka lishikwe sana na wale waliozoea kuulizwa, "Wewe ni nani, na wazitakia nini?" Sheria yasema haki ya mwombaji haiathiriwi na sababu zake, wala na dhana ya afisa juu ya sababu hizo. Mahakama Kuu iliitetea haki hii mwaka 2017 ilipoamuru ofisi iliyo chini ya Rais itoe habari za matangazo ya serikali yaliyolipiwa kwa pesa za umma, katika kesi iliyoletwa na shirika la Katiba Institute. Ikiwa ofisi ya Rais yaweza kuamriwa, ofisi ya wadi haina mahali pa kujificha.

Hata hivyo barua njema ikipelekwa mahali pasipo pake hupotea, na hapa ndipo juhudi nyingi huishia. Wengi humwendea chifu kwa kila jambo, kama ilivyokuwa zamani, ilhali chifu ni mtumishi wa serikali ya kitaifa, na hana daftari la zahanati wala la soko. Kitabu cha ardhi kiko kwa msajili wa ardhi, naye pia si wa kaunti. Madarasa yaliyojengwa kwa pesa za hazina ya eneo bunge, yaani NG-CDF, huulizwa kwa kamati ya hazina hiyo. Barabara ndizo zinazochanganya kuliko yote: nyingine ni za kaunti, nyingine ni za mamlaka za kitaifa za KeNHA, KeRRA na KURA, na kila upande huusukumia mwingine mashimo. Swali la kwanza kuandika basi ni hili: barabara hii ni ya nani? Lakini zahanati, masoko, ushuru, vyeti vya biashara, maji, mifereji ya taka na shule za chekechea ni kazi ya kaunti. Barua za hayo hupelekwa kwa Katibu wa Kaunti, na nakala kwa msimamizi wa kaunti ndogo hapa Njoro. Kumbukumbu za vikao vya bunge la kaunti na kamati zake huombwa kwa karani wa bunge hilo. Wenzetu wanaofanya biashara Nakuru, mji uliopewa hati ya kuwa jiji Desemba 1, 2021, wakumbuke kwamba bodi ya jiji nayo ni chombo cha umma.

Tena karatasi iitwe kwa jina lake. Anayeandika "nataka kujua pesa za wadi yetu zilikwenda wapi" amempa afisa nafasi ya kujibu kwa hotuba. Aandike: naomba makadirio ya bajeti yaliyoidhinishwa ya mwaka fulani, sehemu ihusuyo wadi ya Lare, au naomba ripoti ya matumizi ya robo ya pili, au naomba mkataba wa zabuni ya kisima fulani, pamoja na cheti cha kukamilika kwa kazi. Karatasi hizi zipo kwa amri ya sheria. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012, makadirio ya kaunti hufikishwa bungeni kabla ya Aprili 30, na ripoti ya kila robo mwaka hutangazwa ndani ya mwezi mmoja baada ya robo hiyo kwisha. Sheria ya ununuzi ya mwaka 2015 yataka kumbukumbu za kila zabuni zitunzwe kwa muda usiopungua miaka 6 baada ya mkataba kumalizika. Kwa hiyo "faili imepotea" si jibu, bali ni ungamo, nalo liombwe kwa maandishi vilevile. Ziko pia ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu na za Msimamizi wa Bajeti, ambazo huchapishwa bila kuombwa. Mwenye kuzisoma kwanza hujua la kuuliza.

Wako watakaotuambia kwamba si kila kitu ni cha kutolewa, nasi twakubali. Faili ya mgonjwa si ya jirani yake, na sheria yalinda faragha, usalama wa taifa na mwenendo wa haki mahakamani. Bei iliyolipwa kwa lori la kokoto haimo katika orodha hiyo. Wako pia wanaoogopa, hasa wazee walioyaona ya mwaka 1992 na 1998, wakasema kuuliza ni kujitafutia maadui. Hatuwacheki. Ndiyo maana twashauri barua itoke kwa watu kumi au ishirini, ikiwa na sahihi za kila jamii inayokaa katika wadi hiyo. Uvumi juu ya nani amepewa nini umewahi kutuumiza Njoro kuliko mahali pengi, na jedwali la bajeti lililobandikwa ukutani huonyesha kila wadi imepata nini, mbele ya macho ya wote.

Wanaodhani twazungumzia karatasi tu waikumbuke Solai. Mei 9, 2018 bwawa la shamba la kibinafsi lilipasuka huko, ndani ya kaunti yetu hii, na watu wasiopungua 47 wakafa. Baada ya maafa ndipo maafisa wa maji walipoeleza hadharani kwamba mabwawa ya shamba hilo hayakuwa na vibali. Sheria ya kuomba habari ilikuwa tayari na umri wa mwaka mmoja na miezi kadhaa. Hatusemi kwamba barua ingaliyazuia maji. Twasema kwamba waliolala chini ya ukuta ule walikuwa na haki ya kuuliza kama una kibali, na kujibiwa kwa saa 48, wala hakuna aliyekuwa amewaambia.

Kazi ya kuwaambia twaiona kuwa ya makanisa, kwa sababu moja iliyo rahisi: makanisa yanajua kutunza vitabu. Mkristo aliyebatizwa miaka 40 iliyopita huenda parokiani, akafunuliwa rejista, akapewa nakala, na hakuna anayemuuliza anaitakia nini. Kamati za haki na amani zichague watu wawili katika kila wadi kati ya sita tulizo nazo, Mau Narok, Mauche, Kihingo, Nessuit, Lare na Njoro, waandike barua moja kila robo mwaka. Barua iandikwe nakala mbili. Moja ibaki ofisini, na ya pili ipigwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kwani siku 21 huhesabiwa kutoka hapo. Zikipita kimya, sheria hulihesabu ombi kuwa limekataliwa, na mwombaji ana siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Utawala, ijulikanayo kwa wengi kama Ofisi ya Ombudsman. Nakala yenye mhuri iwekwe kabatini mwa kanisa, pamoja na rejista, na jibu likija lisomwe Jumapili wakati wa matangazo, baada ya ndoa na kabla ya harambee.