Rahisi Si Ghali Daima

Wahenga walituachia methali isemayo kuwa rahisi ni ghali. Methali hiyo ni kweli kwa mnunuzi mzembe, maana mzembe hununua asichokijua, kikamharibikia, akarudi sokoni mara ya pili. Walakini siku hizi imegeuzwa fimbo ya kuwapigia vijana. Mwanafunzi akitaka kuunda roboti ndogo iendayo peke yake bila kugonga ukuta, huambiwa kuwa kazi hiyo haiwezekani ila kwa kihisi cha maelfu ya shilingi. Na kama hana maelfu hayo, basi aache. Msomaji, neno hilo nalipinga. Kinachotugharimu zaidi ya bei ya chombo ni ujinga wa mwenye chombo.

Tazama kwanza kazi yenyewe ni nini. Roboti haihitaji kuona kama uonavyo wewe. Haina haja ya kujua kama kilicho mbele yake ni kiti au ni mbuzi. Yahitaji kujua jambo moja tu: je, kuna kitu mbele, nacho kiko umbali gani? Popo analijibu swali hilo kila usiku. Hutoa sauti kali isiyosikika na sikio la mtu, kisha husikiliza mwangwi wake. Katika miaka ya 1790 mtaalamu wa Italia, Lazzaro Spallanzani, aligundua kuwa popo asiyeona huruka salama, lakini aliyezibwa masikio hugonga vitu.

Kihisi kiitwacho HC-SR04 hufuata mwendo huo huo. Kina vikombe viwili vya mviringo: kimoja hutoa sauti ya mitetemo 40,000 kwa sekunde, ambayo ni mara mbili ya upeo wa sikio letu, na cha pili hupokea mwangwi. Hupima kutoka sentimita 2 hadi mita 4 hivi, na bei yake ni shilingi mia chache tu. Hesabu yake ni ya darasani. Hewa ikiwa na joto la digrii 20, sauti huenda karibu mita 343 kwa sekunde. Mwangwi ukirudi baada ya sehemu moja ya mia ya sekunde, sauti imesafiri mita 3.43 kwenda na kurudi. Gawa kwa mbili, nawe utajua kuwa kizuizi kiko mita 1.7 mbele yako. Mwanafunzi aliyefanya hesabu hiyo kwa mkono wake amepata fizikia ambayo hakuna muuzaji awezaye kumfungia katika sanduku.

Wapinzani watasema kuwa chombo hicho hudanganya. Sikatai. Pazia na nguo nzito huimeza sauti. Ukuta uliokaa mshazari huitupa kando, isirudi. Vihisi viwili vikilia kwa pamoja, kimoja huweza kuusikia mwangwi wa mwenzake. Hata joto la nchi lina neno lake: katika digrii 15 za asubuhi ya Limuru sauti huenda karibu mita 340 kwa sekunde, na katika digrii 32 za mchana wa Mombasa huenda karibu mita 350. Tofauti hiyo ni kama asilimia 3, yaani sentimita 6 katika kila mita 2. Lakini kosa likishajulikana huweza kutengenezwa. Pima joto, sahihisha hesabu. Pima mara tano, chukua jibu la katikati. Viamshe vihisi vyako kwa zamu. Mambo hayo hayahitaji fedha. Yahitaji subira, na subira haiuzwi dukani.

Wala sauti si njia pekee. Kampuni ya Sharp ya Japani hutengeneza vihisi vya miale ya infraredi, na aina moja ijulikanayo sana hupima kutoka sentimita 10 hadi 80. Kuna pia kihisi cha leza, VL53L0X, kidogo kama punje ya mchele, ambacho huhesabu muda wa mwanga kwenda na kurudi na kufika hadi mita 2. Navyo vina udhaifu wake: jua kali huvipunguzia nguvu, rangi nyeusi hula miale yake, na mlango wa kioo huupitisha mwanga kama kwamba haupo. Lakini kioo hicho hicho huirudisha sauti vizuri! Basi vihisi viwili vya bei nafuu, kimoja cha sauti na kimoja cha mwanga, husaidiana kama kipofu na kiwete: akosacho mmoja, mwenziwe hukipata.

Anayedharau vyombo vidogo na aitazame historia. Kati ya 1948 na 1949, katika mji wa Bristol, Uingereza, Grey Walter aliunda roboti mfano wa kobe. Kila moja ilikuwa na jicho moja la kutambua mwanga na gamba lililotambua kuguswa, basi. Ilipogonga kitu ilirudi nyuma, ikageuka, ikatafuta njia nyingine. Nayo imekumbukwa hadi leo. Mwaka 2002 kampuni ya iRobot ilianza kuuza Roomba, mashine ya kusafisha sakafu, iliyotegemea bampa la kugusa na vihisi vya infraredi vya kuitahadharisha isianguke kwenye ngazi. Hazikuwa na macho ya thamani. Zilikuwa na waundaji waliojua mashine yao inahitaji nini.

Hata hivyo, sisemi kuwa rahisi hufaa popote. Droni si roboti ya sakafuni. Ikiruka kwa mita 8 kwa sekunde na kihisi chake kikaona mita 4 tu, imebakiwa na nusu sekunde ya kusimama, na nusu sekunde haitoshi. Tena upepo na kelele za mapanga yake huivuruga sauti. Kihisi cha bei nafuu kiwekwe chini ya droni, kipime umbali wa ardhi wakati wa kutua polepole. Kisiaminiwe kulinda vichwa vya watu. Na kabla ya kurusha, kumbuka kuwa Kenya ina kanuni za vyombo hivyo za mwaka 2020, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Basi, ewe msomaji, kabla ya kutoa hata shilingi moja jiulize maswali manne. Chombo changu kinakwenda kwa kasi gani, na kinahitaji mita ngapi ili kisimame? Kitafanya kazi juani au kivulini? Vizuizi vyake ni vya namna gani: ukuta, pazia, kioo, au miguu ya watu? Na umeme wake unapatana na ubongo wa mashine yangu? Swali hilo la mwisho limeunguza vifaa vingi, maana HC-SR04 hurudisha volti 5, hali Raspberry Pi huvumilia volti 3.3 tu. Rizista mbili za bei ndogo mno huzuia hasara hiyo, lakini ni kwa yule aliyesoma kwanza.

Kwa walimu wenzangu na wasimamizi wa shule nasema hivi: chombo kimoja cha fahari kilichofungiwa kabatini ili wageni wakitazame hakijamfundisha mtoto yeyote. Fedha zake zingenunua vihisi vidogo vya kutosha darasa zima, na kama vitatu vingeungua mikononi mwa wanafunzi, vingekuwa vimekufa vikifanya kazi. Nawe mwanafunzi, usingoje kabati lifunguliwe. Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Changa na wenzako wawili, nunueni kihisi kimoja, kipimeni mbele ya ukuta, mbele ya pazia na mbele ya kioo, mwandike mlichokiona katika daftari. Siku mtakapoweza kueleza kwa nini kimekosea, mtakuwa mmestahili kununua cha ghali, na huenda mkaona kuwa hamkihitaji.