Jicho Litangulie, Kidole Kifuate

Kila inapochezwa mechi kubwa katika Uwanja wa Mkwakwani, nyuma ya magoli yote mawili hujipanga vijana wenye kamera, na tangu filimbi ya kwanza mpaka ya mwisho mlio wa kamera zao hutiririka kama wa cherehani ya fundi anayekimbizana na sikukuu. Wengi wao hukishika kitufe na kutokiachia, wakitumaini kwamba katika wingi wa picha haitakosekana moja iliyo njema. Baada ya dakika 90 kijana mmoja huweza kuondoka na picha elfu mbili. Mhariri anapoketi usiku kuzichambua, aghalabu hukuta kwamba mpigaji wa bao yumo, golikipa yumo, mashabiki wamo, ila mpira haumo.

Wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya ufundi, wajadiliane mafundi wenyewe. Sisi hatuoni hivyo. Mwananchi wa Lushoto, Handeni au Pangani ambaye hakujaliwa kufika uwanjani huuona mchezo kwa jicho la mpiga picha. Na miaka ikipita, sote tunakuwa kama yeye. Coastal Union ilipotwaa ubingwa wa Tanzania mwaka 1988, maelfu ya vijana wanaoishangilia leo walikuwa hawajazaliwa. Kadhalika African Sports, klabu iliyoasisiwa katika miaka ya 1930, ina historia ambayo mashahidi wake wa mwanzo wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Kilichobaki ni masimulizi na picha, na masimulizi kila msimuliaji huyatia chumvi yake.

Wapiga picha wa zama hizo walikuwa na mkanda wa picha 36, na wenye kamera za mkanda mpana walikuwa na 12 tu. Katika miaka ya mwanzo ya 1980, wakati nchi ilipokuwa na uhaba mkubwa wa fedha za kigeni, mkanda mmoja haukuwa kitu cha kuchezea. Mtu aliyekwenda uwanjani na picha 36 alilazimika kuujua mchezo: nani hupiga kwa guu la kushoto, beki gani huchoka kipindi cha pili, kona ya upande huu huangukia wapi. Alikuwa kama mwenye gobore. Akikosa, mnyama hamngoji ashindilie tena.

Si kwamba mashine za kupiga mfululizo ni jambo geni. Mwaka 1878 huko California, Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kandokando ya njia ya farasi ili kuonyesha kwamba farasi akienda mbio huwa yupo wakati ambapo miguu yake yote minne haigusi ardhi. Jicho la mwanadamu lilikuwa limelitazama jambo hilo kwa maelfu ya miaka bila ya kulithibitisha. Hapo mfululizo ulifanya kazi ambayo subira peke yake isingeiweza, na hatuna budi kuukubali ukweli huo kwa insafu.

Lakini hebu tufanye hesabu. Penalti hupigwa kutoka mita 11. Mpira uendao kilomita 90 kwa saa, yaani mita 25 kwa sekunde, huufikia mstari wa goli kabla nusu sekunde haijatimia. Kamera ya picha 4 kwa sekunde itapata picha moja au mbili za safari hiyo. Ya picha 10 itapata nne au tano. Ama ule mguso wa buti na mpira, hudumu kiasi cha sehemu moja tu ya mia ya sekunde. Kwa kamera ya picha 10, kila picha imeachana na nduguye kwa sehemu kumi za mia. Basi aliyekishika kitufe kwa upofu amenunua tikiti ya bahati nasibu, na tikiti tisa katika kila kumi ni tupu.

Tena jicho nalo lina kikomo chake. Tangu mtu aone jambo mpaka kidole kitii, hupita kama sehemu moja ya tano ya sekunde. Katika kamera za kioo, kioo hicho huinuka picha inapopigwa na dirisha huwa giza. Ndiyo maana wazee wa kazi hii walisema kwamba ukiuona mpira wavuni kupitia dirishani, ujue hukuupata. Hapana budi kidole kianze kabla ya tendo. Mashine haiwezi kukufundisha hilo. Linatokana na kuujua mchezo.

Tutoe mfano ambao wapenzi wa ngumi hawatauchoka. Tarehe 25 Mei 1965, mjini Lewiston nchini Marekani, Muhammad Ali alimwangusha Sonny Liston katika raundi ya kwanza. Kijana wa miaka 22, Neil Leifer, alikuwa na kamera ya picha 12 na taa za umeme zilizotundikwa juu ya ulingo, taa ambazo zikishamulika huhitaji sekunde kadhaa kujazwa upya. Hakuwa na njia ya kupiga mfululizo. Alipiga mara moja, Ali akiwa amesimama juu ya mwenzake na mkono umekunjwa kifuani, na hiyo ikawa mojawapo ya picha mashuhuri kuliko zote za michezo. Yafaa ikumbukwe kwamba bahati ya upande aliokaa ilimsaidia: mpiga picha mwingine wa gazeti lake anaonekana katika picha hiyohiyo, kati ya miguu ya Ali, akiwa upande usiofaa.

Na kuna picha ambayo haidai kasi ya namna yoyote. Tarehe 20 Oktoba 1968, huko Mexico City, John Stephen Akhwari wetu alimaliza mbio za marathoni akiwa na bandeji mguuni, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Giza lilikuwa limeingia na watu wengi walikwisha kuondoka. Sura ile tunayoijua tunaidai kwa wachache ambao walikuwa bado hawajafunga mikoba yao.

Tutaambiwa kwamba mambo yamebadilika. Ni kweli. Tangu mwaka 2024 imo sokoni kamera ya Sony ipigayo picha 120 kwa sekunde, na mguso wa buti na mpira ni nadra kuiponyoka. Lakini ilitoka kwa bei ya karibu dola 6,000 bila ya lenzi, na sekunde kumi zake ni picha 1,200. Nani atazitazama usiku ule, na kwa kifurushi gani cha simu zitatumwa? Mvuvi wa kokoro naye hujaza mtumbwi; kisha hukaa ufukweni akitenganisha samaki na dagaa na majani ya bahari, na soko limekwisha kufungwa.

Lipo jambo lingine linalotukera zaidi. Katika picha 60 za mchezaji mmoja anayeanguka, haikosekani moja inayomfanya aonekane mlevi, wala moja inayofanya rafu ndogo ionekane jaribio la kuua. Mwenye nia mbaya, au mwenye haraka tu, huichagua hiyo. Mabinti wetu wa netiboli wamekwisha kudhalilishwa hivyo, mavazi yakiwa yamepeperuka kwa sehemu ndogo ya sekunde ambayo hakuna aliyeketi jukwaani aliyeiona. Picha hiyo haisemi uongo, lakini haielezi mchezo, na mzazi akiiona humzuia bintiye asirudi mazoezini. Wahariri wasijitetee kwa kusema kamera ndiyo iliyopiga.

Shauri letu kwa vilabu na kwa walezi wa vijana hawa ni jepesi. Kijana mpya apewe mechi nzima, hata ya mchangani, na ruhusa ya picha 36 tu. Akishaweza kurudi na tatu zinazosema kitu, afunguliwe mfululizo, na autumie kwa mapigo mafupi ya picha tatu au nne pale tu anapojua kinachokuja: penalti, kona, mwisho wa mbio fupi. Kwa mchezo wa ng'ombe kule Pemba tungemruhusu zaidi, maana ng'ombe hana mazoea.

Na kila picha iandikwe majina, tarehe na matokeo siku ileile. Wale walio na picha za msimu wa 1988 majumbani, ndani ya masanduku au katika fremu ukutani, tunawaomba waandike nyuma yake kwa penseli laini ni nani na nani waliosimama humo, ambapo bado wapo wa kuulizwa.