"Mtandao uko chini, njoo kesho": Kesho ya nani?

Ndugu msomaji, kama umewahi kudamka alfajiri huko Mgeta, ukashuka na gari lililojaa magunia ya kabichi na karoti, ukaja Morogoro mjini kutafuta huduma, basi wimbo huu unaujua: "Mtandao uko chini, njoo kesho."

Kesho ya nani? Na nauli atalipa nani?

Mimi niliimbiwa mara tatu katika ofisi moja, kwa ajili ya namba ya malipo tu. Mara ya tatu nikachungulia kioo cha kompyuta. Saa yake ilisoma Januari 1, 2009! Pembeni, karani alikuwa anaangalia video kwenye simu yake, na mtandao wa ofisi ile ile.

Tusidanganyane. Mtandao huanguka kweli. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, nchi nzima ikataabika. Na Uluguru ni milima. Kijiji kilichojificha nyuma ya mgongo hakipati mawimbi, hata kama minara imesimama kileleni Bondwa. Kwa hayo karani hana kosa. Lakini ofisi iliyo katikati ya mji, ambako simu zinafungua kila kitu?

Siri ni hii. Kompyuta hupiga hodi kwa seva na kungoja. Isipojibiwa kwa muda uliowekwa, hukata tamaa na kuandika kwamba muda umekwisha. Mashine kongwe, yenye kumbukumbu ndogo na iliyojaa virusi, hukawia hadi muda ukaisha. Betri ndogo ya saa ikifa, tarehe hurudi nyuma, na kompyuta huviona vyeti vya usalama vya tovuti kuwa batili. Windows 7 ilikoma kuhudumiwa na Microsoft Januari 14, 2020. Windows 10 ikafuata Oktoba 14, 2025. Ukibisha hodi kwa ufunguo wa zamani, kufuli jipya halifunguki. Hapo waya una kosa gani?

Kupima hakuhitaji mtaalamu kutoka Dodoma. Sahihisha saa na tarehe. Kaza au badili waya. Zima ruta, iwashe tena. Kisha jaribu kompyuta nyingine, au simu, kwenye mtandao ule ule. Ikifungua, mgonjwa ni mashine, si mtandao. Ni kazi ya dakika kumi, na betri ya saa haifiki nauli ya Mgeta kwenda na kurudi.

Shangingi la mkubwa likikohoa mara moja tu, linakimbizwa gereji. Kompyuta ya kumhudumia mlalahoi inakohoa miaka, nayo inasingiziwa mtandao! Haki iko wapi?

Tunadai mambo matatu. Mosi, mwananchi asirudishwe kabla mashine haijapimwa. Pili, ikishindikana, aandikwe kwenye daftari na apigiwe simu, asipande gari kubahatisha. Tatu, madiwani waulize barazani: fungu la matengenezo ya kompyuta ni kiasi gani, na limekwenda wapi?

Nawe msomaji, ukiambiwa mtandao uko chini, usiondoke kimya. Uliza kwa adabu: "Mmejaribu mashine nyingine?" Kisha itazame saa ya ile kompyuta.