Umeme Uleule Utaiua na Hiyo Mpya

Katika maofisi mengi ya Mwanza, kompyuta ikishakuwa nzito, ikaganda huku mteja amesimama kaunta, hukumu hutoka palepale: imezeeka, inunuliwe nyingine. Vitabu vya hesabu navyo huipa hukumu hiyo nguvu. Chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, kompyuta hupunguzwa thamani kwa asilimia 37.5 kila mwaka, hivyo mashine ya shilingi milioni 1 baada ya miaka mitatu husomeka kuwa ya shilingi 244,000 hivi. Bosi akiiona namba hiyo anasema imekwisha. Haijakwisha. Kile ni kipimo cha kodi, na fundi hakitumii kupima ugonjwa.

Ifungueni kwanza. Chukueni kompyuta ya mezani iliyokaa miaka kwenye stoo ya dagaa karibu na Mwaloni, Kirumba. Ukitoa ubavu wa kasha unakuta vumbi la dagaa limeshikana na mafuta yake kwenye mapanga ya feni, na katikati yake wadudu wa ziwani waliofuata mwanga usiku wakakaukia humo. Feni haivuti hewa, prosesa inachemka, na prosesa ikichemka hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Pembeni kuna diski ngumu ya kuzunguka, ambayo ndiyo sehemu ya polepole kuliko zote hata ikiwa nzima. Huo ndio uzito mnaouita uzee. Mashine ikisafishwa, prosesa ikapakwa pesti mpya ya kupitisha joto, diski ikabadilishwa ikawekwa SSD, na RAM ikaongezwa, itafanya kazi ya ankara na barua kwa miaka mingine. Kwa kawaida gharama yote haifiki nusu ya bei ya kompyuta mpya.

Najua jibu la wenye maduka: fundi atakula hela, na baada ya miezi miwili itaharibika tena. Mara nyingi ni kweli, na mara nyingi kosa si la fundi. Tazameni chini ya meza. UPS iliyopo pale, kile kifaa cha kushikilia umeme ukikatika, betri yake ilikufa zamani, imebaki ekstensheni tu. Kila umeme unapokatika kompyuta inazimika katikati ya kuandika faili, na unaporudi kwa kishindo unaipiga pawa saplai. Wakati wa mgawo wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, kabla ya Bwawa la Julius Nyerere kuanza kuingiza umeme wake Februari 2024, hali hiyo ilikuwa ya kila siku. Kompyuta mpya ikichomekwa kwenye soketi ileile itapigwa vilevile. Betri ya UPS ni kitu cha kubadilishwa kila baada ya miaka michache, kama tairi la bodaboda, lakini ni ofisi ngapi zinazoiweka kwenye bajeti?

Sisemi kila mashine ikarabatiwe. Madabodi ya laptopu ikiungua, au kipuri kikawa hakipatikani Mwanza wala Dar es Salaam, achaneni nayo. Sababu nyingine ya kuiacha ni ya programu. Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa masharti yake rasmi haikubali prosesa za Intel zilizotangulia kizazi cha 8, isipokuwa chache. Mitumba mingi kutoka Ulaya iko chini ya hapo. Mashine ya namna hiyo isiachiwe kazi ya benki na malipo. Lakini hata hiyo ikiwekwa Linux inafaa kwa kuchapa na kuskani, na steshenari ya Malimbe, msimu wanafunzi wa chuo kikuu cha SAUT wanapokimbizana na tarehe za kuwasilisha tafiti, inahitaji mashine ya akiba kuliko inavyohitaji mashine inayong'aa.

Kwa hiyo, mwenye ofisi, kabla hujasaini profoma ya kompyuta mpya, mtake fundi akuandikie kwenye karatasi kifaa gani kimekufa, kimekufa kwa nini, na kinauzwa bei gani. Asipoweza kujibu, tafuta fundi mwingine. Na betri ya UPS inunuliwe wiki hii.